Riale 40,000: Ugomvi wa Wana wa Seyyid Said

Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini karibu na Shelisheli mwezi Oktoba 1856, akisafiri kutoka Maskati kwenda Unguja. Aliacha dola yenye pande mbili, Oman na pwani ya Afrika Mashariki, na wana wengi wa mama mbalimbali. Thuwaini alikuwa ameshika Maskati kwa niaba ya baba yake, Turki alikuwa Sohar, na Majid alikuwa Unguja, alikowekwa baada ya kaka yake Khalid kufa mwaka 1854. Kwa Waibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya ukoo huo, kuzaliwa kwanza hakumpi mtu haki ya kutawala, kwa hiyo kila mwana aliona ana hoja.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Barghash, aliyekuwa safarini na baba yake. Alishusha maiti usiku na kuizika kwa siri ili aiwahi ngome, lakini hakupata askari wa kumfuata. Majid akatambuliwa Unguja.

Ugomvi mzito ulihusu fedha. Mapato ya Unguja, yaliyotokana zaidi na karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa, yaliyazidi mno ya Maskati. Majid alikubali kumpelekea Thuwaini riale 40,000 kila mwaka. Thuwaini alizipokea kama kodi ya mtu aliye chini yake. Majid alisema ni msaada kwa ndugu. Malipo yalipokatika, Thuwaini aliandaa jeshi la majini mwaka 1859. Waingereza wa Bombay wakamrudisha njiani.

Mwaka huohuo Barghash aliasi, safari hii akiungwa mkono na dada zake Salme na Khole. Salme, aliyekuwa bado kijana na aliyejifunza kuandika, alimwandikia barua zake. Yeye na Khole wakamtoa katika nyumba iliyozingirwa akiwa amevaa nguo za kike. Waasi walijifungia katika shamba lililoitwa Marseilles, wakashindwa kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza. Barghash alipelekwa Bombay. Majid alimsamehe Salme, na msamaha huo ukamgombanisha Salme na Khole na Barghash.

Kuhusu ugomvi wa fedha, Majid na Thuwaini walikubali hukumu ya Lord Canning, mtawala mkuu wa India. Tarehe 2 Aprili 1861 aliamua kuwa Unguja na Maskati ni dola mbili. Unguja iendelee kulipa riale 40,000 kwa mwaka, pamoja na 80,000 za malimbikizo ya miaka miwili. Akaeleza kwamba malipo hayo yanasawazisha urithi usiolingana, wala si dalili ya utii. Ndivyo hoja ya Majid ilivyoshinda, ingawa mkoba wake haukupona.

Mwaka 1866 Thuwaini aliuawa na mwanawe Salim, na Majid akasita kumlipa muuaji. Baadaye serikali ya Kiingereza ya India ilibeba malipo hayo. Majid alifariki mwaka 1870 bila mtoto wa kiume, na kiti kikamwendea Barghash.