Kofia ya Sufu na Haki ya Mfumaji

Utamaduni wa taifa haujengwi kwa ngoma na mashairi peke yake. Hujengwa pia kwa kazi za mikono ambazo macho yetu yamezizoea hata hayazioni tena. Mojawapo ya kazi hizo ni kufuma kwa sindano na uzi wa sufu. Neno lenyewe, sufu, asili yake ni Kiarabu, na shina hilo hilo ndilo lililoupa mti wa msufi jina lake, maana pamba yake nyororo hufanana na manyoya ya kondoo. Pwani yenye joto haikuwa na haja kubwa ya vazi la sufu. Haja hiyo iko katika nyanda za juu, kama vile Makete, Njombe na Lushoto, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi huuma, na mzazi hupelekewa kofia, soksi na kisweta cha mtoto, vilivyofumwa na shangazi au jirani.

Ufumaji wa namna hii ulienea kwetu zama za ukoloni, kwa njia ya shule za misheni na baadaye vikundi vya akina mama. Lakini huko ulikotoka una historia ndefu, nayo ina funzo kwetu.

Nchini Uingereza, katika karne ya 16, wafuma kofia walikuwa wengi. Kofia zao zilifumwa kwa sufu, zikakandwa katika maji mpaka uzi ukashikamana, kisha zikakatwa manyoya zikawa laini. Mitindo ilipobadilika na watu wakapenda kofia za namna nyingine, mafundi hao walikosa riziki. Ndipo mwaka 1571 Bunge likapitisha sheria: kila mtu aliyezidi umri wa miaka 6, isipokuwa wanawake wa hadhi, wasichana na watu wenye vyeo au mali, avae kofia ya sufu iliyofumwa nchini siku za Jumapili na sikukuu. Aliyekaidi alitozwa faini ya shilingi 3 na peni 4 kwa kila siku. Sheria hiyo haikuweza kushindana na mapenzi ya watu. Ilifutwa mwaka 1597. Nayo ilikuwa ingali hai wakati William Lee alipobuni mashine ya kufumia soksi, mwaka 1589.

Mfano wa pili ni wa visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti. Huko wanawake walifuma hata walipokuwa njiani, kapu la mboji ya kuwashia moto limo mgongoni na sindano zimo mikononi. Shali na soksi zao zilisifiwa mbali. Lakini mwenye duka hakuwalipa fedha. Aliwapa chai na vitambaa kwa bei aliyoipanga yeye. Mwanamke aliyehitaji unga ilimpasa atafute mtu wa kubadilishana naye. Tume ya serikali iliyochunguza jambo hilo ilitoa taarifa yake mwaka 1872, na humo yamo maelezo ya wafumaji wenyewe. Sifa ya kazi ilikuwa kubwa, na mwenye kazi alibaki maskini.

Tukiyaweka pamoja mambo haya mawili, tunaona kwamba amri ya kumlazimisha mvaaji haitoshi, na sifa bila malipo haitoshi pia. Sanaa ya mkono hudumu pale mtu anapoivaa kwa kupenda, na aliyeifanya anapopata haki ya jasho lake.

Leo uzi unaouzwa madukani kwetu mara nyingi si sufu halisi, na sweta za mitumba na za viwandani ni rahisi kuliko zile za mkono. Anayefuma huhesabiwa gharama ya uzi. Siku alizokesha hazihesabiwi. Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Basi tunapoipokea kofia ya mtoto kutoka kwa mfumaji wa kijijini petu, tusimpunguzie bei kana kwamba mikono yake haina thamani. Hapo ndipo heshima ya utamaduni inapoanzia.