Cheti cha Seva Kilivyozikwa na Kurudi

Programu ya vyeti ya Microsoft ilianza mwaka 1992, wakati seva nyingi za maofisini bado zilikuwa mikononi mwa Novell, kampuni ambayo tayari ilikuwa ikiwapa mafundi wake cheti cha CNE. Cheti cha Microsoft kilichovuma kuliko vyote kilikuwa MCSE, cha mhandisi wa mifumo. Enzi za Windows NT 4.0, iliyotoka mwaka 1996, mtahiniwa alifanya mitihani sita, minne ya lazima na miwili ya kuchagua.

Cheti hicho kilifungua milango ya ajira, na umaarufu huo ndio uliokiponza. Mitihani mingi ilikuwa ya kuchagua jibu. Maswali yakavuja, watu wakayakariri, na waajiri wa Marekani wakaanza kulalamika juu ya "MCSE wa karatasi", wenye cheti lakini hawajawahi kugusa seva. Red Hat, kampuni ya Linux, iliukwepa mtego huo mwaka 1999 ilipoanzisha RHCE: mtahiniwa anakabidhiwa mashine na kutakiwa kuisanidi na kuitengeneza. Huo ndio mtihani unaostahili jina lake, kwa kuwa kazi ya seva haikaririki.

Windows 2000 ilikuja na Active Directory, daftari kuu la watumiaji wa ofisi, na undani wa elimu ya seva ukaonekana. Kwa kawaida, saa ya kompyuta ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, mfanyakazi hukataliwa kuingia hata kama nywila yake ni sahihi. Asiyejua jambo hilo hubadilisha nywila mchana kutwa bila mafanikio. Wakati huohuo Microsoft ilipanga kufuta vyeti vya NT 4.0 mwishoni mwa 2001. Mafundi wakapiga kelele, na Oktoba mwaka huo kampuni ikaachana na mpango huo.

Kisha seva zikaanza kuhama kutoka ofisini: Amazon ilianza kuzikodisha kwa njia ya intaneti, yaani kwenye wingu, mwaka 2006, Azure ya Microsoft ikafuata mwaka 2010. Februari 2020 Microsoft ilitangaza kuvistaafisha vyeti vyake vya MCSA, MCSD na MCSE. Janga la Korona likasogeza tarehe hadi 31 Januari 2021, kisha nafasi ikachukuliwa na vyeti vya Azure.

Uamuzi huo ulikuwa wa pupa. Ofisi nyingi zilikuwa, na bado ziko, kotekote: daftari la watumiaji liko kwenye seva ya ndani, na nakala yake hupelekwa kwenye wingu, kwa kawaida kila baada ya dakika 30. Nakala isipofika, mara nyingi kasoro iko ofisini, kwenye DNS (mfumo wa majina ya kompyuta) au kwenye daftari lenyewe. Kabla ya 2021 kwisha, Microsoft ikaleta mitihani ya AZ-800 na AZ-801 kwa wasimamizi wa Windows Server, ya ofisini na ya kwenye wingu kwa pamoja.

Kwa Afrika Mashariki elimu hiyo ina uzito wa pekee. Vituo vya Azure vilivyo karibu viko Afrika Kusini, vilikofunguliwa mwaka 2019, na njia kuu ya kuvifikia ni nyaya za baharini. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti ya kutegemewa kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo, ofisi yenye seva yake ndani, na fundi anayeimudu, huendelea kufungua mafaili na kuchapisha nyaraka.