Dainamo ya gari la kikale: Pima kwanza kabla ya kununua betri

SI ajabu kwa mwenye gari la kikale mjini Nyeri, Karatina au Nanyuki kununua betri mpya, kisha wiki mbili baadaye akawaita vijana wamsukumie gari asubuhi. Fundi aliyezoea magari ya kisasa humshauri anunue betri nyingine. Gharama inaongezeka, ilhali kasoro ingali palepale.

Mara nyingi betri haina hatia. Inakufa kwa sababu hairejeshewi umeme inaoutoa, na wa kulaumiwa yumo katika mfumo wa dainamo: mkanda, nyaya, dainamo yenyewe au kisanduku cha kudhibiti chaji. Anayevikagua kwa utaratibu huweza kuitambua kasoro kwa muda usiozidi saa moja, akiwa na mita ya volti, bisibisi na kipande cha waya.

Dainamo ndiyo iliyozalisha umeme katika Land Rover za kwanza, Morris Minor, Volkswagen za mgongo wa kobe na Peugeot 404 za miaka ya mwanzo, gari lililoshinda mashindano ya Safari mara 4 kati ya 1963 na 1968. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, watengenezaji waliihamia altaneta, na ndiyo maana fundi kijana huenda hajawahi kuifungua dainamo.

Tofauti kubwa ni kwamba altaneta huchaji hata injini ikinguruma taratibu, ilhali dainamo huhitaji kasi. Dainamo ya Lucas aina ya C40, iliyofungwa katika magari mengi ya Uingereza, hutoa takriban ampea 22 inapozunguka kwa kasi ya kutosha. Gari likisimama katika msongamano wa siku ya soko Karatina, huku taa na waipa zikifanya kazi, betri ndiyo inayobeba mzigo.

Kwa hivyo, taa nyekundu ya dashibodi ikimulika hafifu injini inapozunguka polepole, hiyo si kasoro. Hali ya hewa nayo ina mchango wake. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huidhoofisha betri na kuyafanya mafuta ya injini kuwa mazito. Chaji ndogo iliyovumilika Januari haitatosha Julai.

<b>Taa nyekundu inasema nini?</b>

Washa swichi pasipo kupiga stata. Taa isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua, waya umekatika, au brashi za kaboni ndani ya dainamo hazigusi.

Ikiwaka na kuendelea kuwaka hata injini inapoongezwa kasi, dainamo haizalishi umeme. Tazama mkanda kwanza. Ukiubonyeza katikati kwa kidole, unapaswa kubonyea takriban milimita 13. Ukilegea utateleza, ukikazwa kupita kiasi utaharibu beringi.

Taa ikizimika kisha ikaanza kuwaka zaidi kadiri kasi inavyopanda, dainamo ni nzima. Umeme wake haufiki kwenye betri, na shaka iangukie kisanduku cha kudhibiti chaji au viungo vya nyaya.

Mwenye Volkswagen achukue tahadhari ya ziada. Mkanda unaozungusha dainamo ndio unaozungusha feni ya kupoza injini. Taa hiyo ikiwaka ghafla safarini, simama mara moja, la sivyo injini itaungua.

<b>Jinsi ya kupima dainamo</b>

Pima betri ikiwa imepumzika. Iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Safisha vichwa vyake, kaza waya unaoshikana na bodi, kisha uhakikishe kuwa maji yake yanatosha.

Baada ya hapo, zima injini na uzichomoe nyaya mbili za dainamo ya Lucas, zilizo kwenye vituo vya D na F. Unganisha vituo hivyo kwa kipande cha waya. Weka ncha moja ya mita hapo na ya pili kwenye chuma cha dainamo.

Washa injini na uongeze kasi polepole. Volti zinapaswa kupanda sawasawa hadi karibu 20 injini ikifikisha takriban mizunguko 1,000 kwa dakika. Usizidishe hapo, kwa kuwa dainamo haina kizuizi wakati huo na inaweza kuungua.

Mita isiposoma chochote, kagua brashi. Zilizochakaa hadi kukaribia milimita 7 zibadilishwe. Safisha pia shaba inayozunguka chini yake, kwani vumbi la barabara zetu za udongo mwekundu hujikusanya humo. Ikisoma nusu volti hadi volti moja tu, yaelekea koili za sumaku zina kasoro. Ikisoma volti 4 au 5, shuku koili za sehemu inayozunguka.

Kipimo hiki ni cha Lucas. Katika Volkswagen yenye dainamo ya Bosch, kituo cha DF huunganishwa na bodi, wala si na D+. Kwa aina nyingine, fuata kitabu cha gari lenyewe.

<b>Dainamo ikiwa nzima</b>

Rudisha nyaya kwenye dainamo, zichomoe upande wa kisanduku, kisha urudie kipimo huko. Volti zikipungua au kutoweka, kasoro imo katika nyaya. Zikifika salama, kisanduku ndicho kinachotiliwa shaka.

Ndani ya kisanduku mna kidhibiti cha volti na swichi inayojifunga dainamo inapofikia takriban volti 13, kisha kujifungua injini inapozimwa. Vidomo vyake vikichafuka, chaji haipiti. Vikigandamana, betri humwaga umeme wake kwenye dainamo iliyosimama. Ukiona moshi au kuhisi joto baada ya kuzima gari, kata waya wa betri papo hapo.

Usikunje vipande vya kisanduku kwa kubahatisha. Kurekebisha kidhibiti pasipo mita sahihi huweza kuchemsha betri au kuunguza dainamo iliyokuwa haina dosari.

<b>Hatari ya chanya na hasi</b>

Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi. Fundi asiyejua hilo akigeuza betri, redio na vifaa vingine vya kielektroniki vinaweza kuharibika. Vivyo hivyo, unapoazima umeme kwa gari la kisasa, bodi za magari hayo mawili zisigusane, na kila ncha iungwe na mwenziwe: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.

Wapo wanaoamua kufunga altaneta. Si dhambi, hasa kwa anayesafiri usiku mara kwa mara. Lakini kwanza gari ligeuzwe liwe na ncha hasi kwenye bodi, na nyaya ziwe na unene wa kuhimili ampea zaidi. Aidha, ihifadhi dainamo ya awali, maana thamani ya gari la kikale hutegemea uasili wake.

Anayebaki na dainamo ya Lucas asisahau kitundu kidogo cha mafuta kilicho nyuma yake. Matone mawili au matatu ya mafuta ya injini kila baada ya kilomita 5,000 hivi yanatosha. Yakizidi, yatalowesha brashi.

Baina ya Naro Moru na Nanyuki, usiku wenye ukungu, taa zinazofifia si jambo la mzaha. Kipimo cha saa moja mchana kina nafuu kuliko betri ya tatu, na kinaweza kuokoa maisha.