Fonografu ilifika Newala mwaka 1906. Shimesikio je?

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijapoa kusini, Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alitoka Lindi na msururu wa wapagazi. Akapita Masasi, ambako majengo ya misheni yalikuwa yamechomwa mwaka uliotangulia, kisha akapanda uwanda wa juu wa Makonde na kuweka kambi Newala. Katika mizigo waliyombebea hao wapagazi kulikuwa na kamera ya picha zinazotembea na fonografu, ile mashine ya kunasa sauti kwenye mtungi wa nta.

Weule alinasa nyimbo za ngoma za Wamakonde, Wayao na Wamakua, akazipeleka Ujerumani. Mwaka 1908 akatoa kitabu, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza. Wanazuoni wanakisoma hadi leo.

Sasa hebu tafakari nami, ndugu msomaji. Mashine ya sauti ilifika Newala kabla ya lami na kabla ya maji ya bomba. Lakini ilikuja kuchukua sauti. Mashine ya kumpelekea sauti mtu asiyesikia, mtoto wa palepale Newala, ilichelewa mno, na ilipofika mara nyingi iliishia kabatini. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini. Nimesoma, nimeuliza, na jibu lililonishangaza ni kwamba tatizo kubwa mara nyingi si mashine yenyewe. Ni kile kiplastiki kinachoingia sikioni.

Tuanze na mashine. Zamani mtu aliyepungukiwa usikivu alishika pembe sikioni, mdomo mpana ukielekea kwa msemaji. Beethoven alitumia pembe za aina hiyo. Ukiangalia picha ya fonografu ya Weule utaona ndugu yake: pembe ileile, kazi tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Mmarekani Miller Reese Hutchison akatengeneza kifaa cha umeme cha kukuza sauti, na mmoja wa wateja wake maarufu alikuwa Malkia Alexandra wa Uingereza, ambaye hakuwa anasikia vizuri. Kwa hiyo wakati Weule anaweka kambi Newala, tayari kulikuwa na watu wanaovaa umeme ili wasikie. Walikuwa makasri ya mbali, lakini walikuwepo.

Mambo yakaenda kasi. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947, na kufikia mwaka 1953 ilikuwa imeingia kwenye vifaa vya kusikia. Kifaa kilichokuwa kinabebwa kifuani na betri nzito kikapungua hadi kutoshea nyuma ya sikio. Katikati ya miaka ya 1990 vikaja vya kidijitali. Hapa Tanzania tunakiita shimesikio, jina ninalolipenda kwa sababu linatia moyo: shime, sikio!

Na kule Masasi? Usidhani palikuwa pori lisilo na daktari. Misheni ya Waanglikana ya UMCA ilianza Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowapeleka huko watumwa waliokombolewa. Wabenediktini walifungua Ndanda mwaka uleule wa Weule, 1906. Mwaka 1935 akaja Lulindi daktari mpasuaji Leader Stirling, Mwingereza aliyekuja kuwa raia wetu, na kati ya mwaka 1975 na 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa nchi hii. Kusini ilitoa waziri wa afya aliyejifunzia nchi katika wodi za Masasi.

Lakini daktari mmoja kati ya maelfu ya watu hushughulika kwanza na kinachoua. Malaria inaua. Uzazi mgumu unaua. Uziwi hauui, kwa hiyo unasubiri. Na kuna jambo la kusikitisha zaidi: baadhi ya dawa zilizookoa maisha zilidai malipo masikioni. Kwinini hufanya masikio yalie na kupunguza usikivu, ingawa mara nyingi hurudi. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya maana dhidi ya kifua kikuu, na ndugu yake jentamaisini, zinaweza kuua usikivu moja kwa moja. Ongeza homa ya uti wa mgongo, surua, masikio ya watoto yanayotoka usaha miaka nenda rudi, na rubela kwa mama mjamzito, ambayo chanjo yake iliingia katika ratiba yetu mwaka 2014 tu.

Mtoto akishakuwa kiziwi, aende wapi? Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa na Kanisa Katoliki huko Tabora, mwaka 1963. Chukua ramani. Mtoto wa Newala atelemke uwanda hadi pwani, apande kaskazini, avuke Rufiji kwa kivuko (daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003), barabara ambayo masika ilikuwa haipitiki, afike Dar, kisha apande treni ya reli ya kati hadi Tabora. Na reli ya kusini kwenyewe, ile ya mradi wa karanga kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, ilikuwa imekufa mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1960. Shule ya Buguruni, Dar es Salaam, ilikuja mwaka 1974. Ikapunguza safari ya reli, si ya barabara.

Hapa ndipo kile kiplastiki kinapoingia katika historia. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, si kwa ishara. Azimio hilo lilisafiri duniani kote pamoja na wamisionari na wafadhili, na shule zetu za mwanzo zilifuata njia hiyo. Katika mfumo wa namna hiyo shimesikio ndiyo tiketi ya darasani. Kama halifanyi kazi, mtoto anakaa mbele ya mwalimu anayechezesha midomo, basi. Anarudi nyumbani ameambiwa hana akili.

Na kwa nini lisifanye kazi? Nieleze kidogo, maana hili nililielewa nikiwa mtu mzima. Mtoto mwenye uziwi mkubwa anahitaji shimesikio lenye nguvu, linalokuza sauti kwa desibeli 60 na kuendelea. Desibeli 60 ni sawa na kuzidisha msukumo wa sauti mara 1000. Sauti hiyo inapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye kiziba kilichotengenezwa kwa umbo la sikio la mtoto yule na si mwingine. Fundi huingiza pamba kidogo ndani kulinda ngoma ya sikio, hupiga bomba la silikoni laini, husubiri igande, huitoa, na kwa alama hiyo hutengenezwa kiziba.

Kiziba kikikaa sawasawa, sauti yote inaingia. Kikiacha upenyo hata mwembamba kama uzi, sauti iliyokuzwa inavuja, inarudi kwenye maikrofoni, inakuzwa tena, inavuja tena... ndiyo ule mluzi unaousikia. Ni mzunguko uleule wa spika za ukumbini pale MC anaposogea karibu nazo. Mtoto mwenyewe huenda hausikii. Wanaousikia ni darasa zima. Mwalimu anamwambia apunguze sauti, mtoto anapunguza, mluzi unaisha, na usikivu nao unaisha. Kwa macho ya watu amevaa shimesikio. Kwa kweli amevaa kiziba.

Sasa ongeza jambo ambalo hakuna mfadhili anayeweza kulizuia: sikio la mtoto linakua. Mtoto mchanga anaweza kuhitaji kiziba kipya kila baada ya miezi michache, wa shule kila mwaka au zaidi kidogo. Mpira nao hukakamaa na kugeuka njano, joto likiharakisha kazi hiyo. Betri za shimesikio lenye nguvu, zile namba 675 za kibandiko cha bluu, humaliza wiki moja au mbili. Ukishabandua kibandiko hewa inaingia na betri inaanza kuisha, uitumie usiitumie. Jasho huingia kwenye mpira na kuwa tone linaloziba njia. Na kwa mtoto wa Newala kuna msimu wa korosho, vumbi la salfa hewani, tena mashine zenyewe za kupulizia, za kubeba mgongoni, injini ikinguruma karibu na kichwa cha kijana kutwa nzima. Tunatengeneza viziwi wapya huku tukitafuta dawa ya wa zamani.

Kwa hiyo picha ni hii: wageni wanakuja, wanagawa mashimesikio, kamera zinawaka, watoto wanatabasamu (na ile furaha ni ya kweli, sitaki kuikejeli). Wageni wanaondoka. Baada ya mwaka masikio yamekua na viziba havijakua. Kuchonga kiziba kipya kunahitaji fundi na vifaa ambavyo kwa miaka mingi vimekaa miji mikubwa, na barabara ya Mtwara–Newala–Masasi peke yake ni kilomita 210. Nauli ya mzazi na mtoto, kwenda na kurudi, kwa kipande cha silikoni kisichojaza kiganja. Mzazi anapiga hesabu. Shimesikio linaingia kabatini.

Si kwamba dunia haikuona. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vifaa vya kusikia kwa nchi zinazoendelea mwaka 2001, likaurekebisha mwaka 2004. Miaka hiyohiyo, Otse, Botswana, mradi wa Godisa ulitengeneza mashimesikio yenye betri za kuchaji kwa jua, na viziwi wenyewe walikuwa mafundi. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2021 ilisema watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya usikivu, na kati ya wanaofaa kutumia vifaa vya kusikia ni asilimia 17 tu wanaovitumia. Mwaka 2024 likatoa maelekezo kwamba wahudumu wasio mabingwa wanaweza kufundishwa kupima na kuvalisha vifaa hivi kwenye vituo vya chini. Nasi tumepiga hatua: mwaka 2017 Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa upasuaji, huduma ambayo awali watoto wetu waliifuata India. Ni jambo la kujivunia. Ila upasuaji ule ni kwa wachache, na wengi wanangoja kiziba.

Huwa nafikiri kuhusu ndonya, lile gogo dogo walilovaa bibi zetu wa Kimakonde kwenye mdomo wa juu. Halikuvaliwa kubwa siku ya kwanza. Lilianza kijiti, likabadilishwa kadiri mdomo ulivyotanuka, na fundi alikuwa kijijini hapohapo. Weule alilipiga picha kama kioja. Mimi naona huduma endelevu! Jamii iliyoweza kuchonga kitu cha kukaa mwilini, ikakipima na kukibadilisha kila mwili ulipobadilika, haiwezi kuambiwa kuwa kiziba cha sikio ni utaalamu usioweza kukaa Newala.

Ya kufanya si mengi. Anayepokea shimesikio aulize kwanza: kiziba kitabadilishwa na nani, lini, wapi? Sikio linalotoka usaha litibiwe kabla ya kuzibwa. Kila usiku kiziba kitenganishwe, kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mpira upulizwe ukauke, na kifaa chenyewe (kisichooshwa) kilale kwenye kopo lenye vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Halmashauri iwe na mtu mmoja anayejua kuchukua alama ya sikio. Alama inaweza kupanda basi hata kama mtoto hawezi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010, inazungumzia vifaa saidizi. Kiziba ni sehemu ya kifaa.

Na tusirudie kosa la Milan. Viziwi wa Tanzania walianzisha chama chao, CHAVITA, miaka ya 1980, wakatoa kamusi ya lugha ya alama mwaka 1993. Wapo ambao hakuna shimesikio litakalowafaa, na wapo wasiolitaka. Mtoto apewe lugha ya alama mapema, na shimesikio linalokaa sawasawa kama linamfaa. Kumlazimisha achague kimoja kabla hajajaribu ni kumwonea.

Zile nyimbo za mwaka 1906 ziliwekwa kwenye nta, zikafungwa kwa uangalifu, zikasafiri hadi Ulaya zikiwa salama. Alama ya sikio la mtoto wa Newala ni nyepesi kuliko mtungi mmoja wa nta, na haihitaji kwenda mbali hivyo.