Mchezo wa fumbo la mauaji

Nomino, ngeli ya U-I. Wingi: michezo ya mafumbo ya mauaji.

Maana
Mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji, akiwa mpelelezi, husoma masimulizi, kisha huandika amri au huteua jibu mojawapo, hadi amgundue muuaji. Usiotumia picha huitwa mchezo wa maandishi. Baadhi humruhusu mchezaji kumchagua mpenzi miongoni mwa wahusika, hata miongoni mwa washukiwa.

Asili
Mfano wa mapema ni *Deadline* wa Marc Blank, uliotolewa na kampuni ya Infocom ya Marekani mwaka 1982: tajiri amekutwa amekufa katika maktaba iliyofungwa kwa ndani, na mpelelezi ana saa 12 za kufumbua kifo hicho. Mwaka 1987 Infocom ilitoa *Plundered Hearts* wa Amy Briggs, ambao kiini chake ni mapenzi. Kwa upande wa riwaya, msomaji wa Kiswahili alikwisha kuuzoea upelelezi kupitia Bwana Msa, mhusika wa Muhammed Said Abdulla, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960).

Jinsia na ushahidi
Katika mchezo wa maandishi, neno ndilo ushahidi. Kiambishi *a-* hakibainishi jinsia. Kiingereza hulazimika kuibainisha au kuikwepa. Shahidi akisema, «Alitoka maktabani, akafunga mlango», muuaji anaweza kuwa mwanamume au mwanamke. Mfasiri anayeipeleka sentensi hiyo katika Kiingereza na kuchagua jinsia bila kufikiri huwaondoa nusu ya washukiwa. Kinyume chake, ikiwa matini ya Kiingereza imeonyesha kwa kiwakilishi kwamba aliyesikika ni mwanamke, tafsiri «Nilisikia hatua zake» huupoteza ushahidi. Bora: «Nilimsikia mwanamke akitembea.»

Tahadhari ihusu pia nomino: *marehemu* huficha jinsia, ilhali *mgane* (mwanamume aliyefiwa na mke) huifichua.

Mapenzi
Mchezaji huambiwa «wewe», na jinsia yake yaweza kuwa yoyote. *Mpenzi*, *mchumba* na *mwenzi* hufaa kwa wote. Mtego umo katika vitenzi: kwa kawaida mwanamume *huoa*, mwanamke *huolewa*. Swali «Je, utamwoa?» humfanya mchezaji kuwa mwanamume, ingawa hakuulizwa. Ulizo lisilobagua ni «Je, mtafunga ndoa?» au «Je, mtaoana?»

Mshukiwa, mtuhumiwa, mshtakiwa, muuaji
*Mshukiwa* ni anayedhaniwa kuhusika. *Mtuhumiwa* ni aliyetajwa kuwa ametenda kosa. *Mshtakiwa* ni aliyefunguliwa mashtaka mahakamani. Katika habari, Kenya hupendelea *mshukiwa* na Tanzania *mtuhumiwa*, mara nyingi kwa maana moja. Mchezoni, tofauti hiyo ihifadhiwe, kwa kuwa huonyesha hatua ya upelelezi. *Muuaji* lisiambatanishwe na jina la mhusika kabla fumbo halijafumbuliwa: «Muuaji alitumia sumu» ni sahihi, bali «muuaji huyo», baada ya kumtaja mtunza bustani, ni hukumu.

Ushauri kwa mfasiri
Mchezo usomwe hadi mwisho wa kila njia kabla ya kutafsiri sentensi ya kwanza. Asiyemjua muuaji hawezi kujua ni neno lipi linalomficha.

Tazama pia: *fumbo*, *mpelelezi*, *mwenzi*, *oa*.