Mafuta Yaliyomwagika na Miiko Yake

Kila kazi ina miiko yake. Mvuvi anayo, mwindaji anayo, na mhunzi aliyeketi mbele ya moto wake anayo vile vile. Miiko hiyo hurithiwa na watoto kutoka kwa wazee, na aivunjaye huonywa kabla hajadhurika. Lakini petroli ni mgeni katika nchi zetu. Ilikuja pamoja na magari, na miiko yake ilikuja imeandikwa katika vitabu vya sheria, kwa lugha ya Kiingereza, ikawekwa ofisini. Insha hii yaeleza namna miiko hiyo ilivyovunjwa mbele ya macho yetu, na kwa sababu gani.

Yafaa kwanza tuijue tabia ya petroli. Si petroli yenyewe iwakayo, bali mvuke wake; na mvuke huo hutoka hata penye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini, ukaingia mitaroni na mabondeni, hata ukakutana na jiko au cheche mbali na pale ulipoanzia. Maji matupu hayauzimi moto wake, maana petroli huelea juu ya maji, ikaenda nayo huku inawaka.

Nchini Kenya sheria ya mafuta, iliyoitwa Sura ya 116, ilitungwa wakati wa ukoloni, nayo iliendelea kutumika hata ilipofutwa na Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2006. Katika mwaka wa 1978 bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi, na katika mwaka wa 1994 likafikishwa Nakuru, Eldoret na Kisumu. Malori nayo yaliendelea kupeleka mafuta hata nchi jirani. Kanuni za kazi hiyo zilimhusu zaidi mwenye ghala, mwenye lori na mwenye kituo cha kuuzia. Mtu aliyejenga kibanda kando ya barabara, ambaye mafuta yangepita mlangoni pake kila siku, hakufundishwa neno.

Matokeo yake yalionekana tarehe 31 Januari 2009, mahali paitwapo Sachangwan, karibu na Molo, katika barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Lori la mafuta lilipinduka. Watu wakaja mbio na madebe na mitungi, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo, wakaanza kuchota. Ghafula moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa, na wengi waliungua hata hawakuweza kutambulikana, wakazikwa katika kaburi la pamoja.

Taifa zima lililia, na maonyo mengi yakatolewa. Lakini haikutimia miaka mitatu. Tarehe 12 Septemba 2011, asubuhi, petroli ilivuja kutoka katika bomba jijini Nairobi, ikaingia katika mfereji upitao katika kijiji cha Sinai, mahali penye vibanda vilivyosongamana kama nyuki mzingani. Watu walikwenda kuchota tena, na moto ukawaka tena. Roho zipatazo 100 zilipotea. Baadhi ya waliokufa hawakuchota hata tone. Walikuwa nyumbani mwao tu.

Wala msiba huu haukuwa wa Kenya peke yake. Tarehe 2 Julai 2010 lori lilipinduka katika kijiji cha Sange, upande wa mashariki wa Kongo, na watu zaidi ya 200 wakafa. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakitazama mchezo wa Kombe la Dunia karibu na hapo. Tarehe 10 Agosti 2019, Morogoro nchini Tanzania, yakatokea yale yale penye mtaa wa Msamvu, wakafa watu wapatao 100.

Wako wasemao kwamba watu hawa walikuwa wajinga au wezi. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mwezi ule ule wa Januari 2009 serikali ya Kenya ilikuwa imetangaza njaa kuwa janga la taifa. Mtungi mmoja wa petroli uliweza kuuzwa, ukaleta unga nyumbani kwa siku kadhaa. Wahenga walisema: mwenye njaa hana miiko. Basi sheria imwambiayo maskini tu, "Usiguse," na isimjali akiwa na njaa, ni nusu ya sheria. Hata hivyo, nusu iliyobaki hatuwezi kuiacha, kwa kuwa moto haumwulizi mtu kama amekula.

Kwamba maarifa huokoa, tutazame mji mmoja wa mbali. Usiku wa tarehe 10 Novemba 1979, garimoshi lilianguka katika mji wa Mississauga, nchini Kanada. Mabehewa ya gesi yakalipuka, na behewa moja la klorini, ambayo ni hewa ya sumu, likatoboka. Lakini garimoshi lilikuwa na hati iliyoonyesha kila behewa lilibeba nini, na polisi walikuwa na mpango uliokwisha tayarishwa. Watu zaidi ya 200,000 wakahamishwa. Hakufa hata mmoja.

Kwetu pia mambo yameanza kutengenezwa. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzima moto na kukabili maafa, na Sheria ya Petroli ya mwaka wa 2019 inasimamia biashara ya mafuta. Kwa hiyo swali la leo si kama sheria ipo. Swali ni kama kaunti yako ina gari la zimamoto lenye povu la kuzimia petroli, na kama litafika kabla ya umati.

Katika kulingoja gari hilo, miiko ni michache, na kila kijana aweza kuishika. Yamwagikapo mafuta, usiyakaribie. Usiwashe kiberiti, wala jiko, wala injini. Panda mahali pa juu, upande utokako upepo. Liarifu jeshi la polisi na zimamoto. Ukiona kibao cha rangi ya machungwa chenye namba 1203, jua kwamba ni petroli, na wataje namba hiyo. Kisha warudishe nyuma wadogo zako na jirani zako, hata wakikucheka.

Wazee wetu hawakuandika miiko ya moto wa mhunzi; waliisema kila siku, mpaka mtoto akaijua kabla hajashika nyundo. Miiko ya petroli imekwisha andikwa. Iliyobaki ni kuisema kwa lugha tunayoielewa sote, nyumbani, sokoni na kando ya barabara, kabla lori jingine halijapinduka.