Kamera Ilipopanda Newala

Mwaka 1906, moto wa Vita vya Majimaji ukiwa bado haujazimika kusini mwa Tanzania ya leo, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi, kisha akapanda Newala. Wapagazi walimbebea kamera, mashine ya kunasa sauti na hata ya picha za sinema. Lengo lake lilikuwa watu: sura zao, ngoma zao, vinyago vyao. Mimi mpiga picha za ndege natamani angewakumbuka na ndege.

Uwanda wetu wa Makonde, ilipo Newala, hauna mito. Mvua huzama mchangani, na kwa vizazi vingi mama zetu waliteremka mabondeni kuteka maji. Huko chini, kando ya Mto Ruvuma na madimbwi yanayobaki mafuriko yakipungua, ndiko ninakowafuata korongo na mdiria.

Kwangu, historia ya kutazama ndege huku inaanza na wateka maji na wavuvi, si na darubini. Kwa hiyo kila picha naiandikia tarehe, mahali na jina la ndege kama wazee wanavyolitamka. Vijana wenye simu, fanyeni vivyo hivyo: wajukuu watahitaji ushahidi huo.